Orodha ya Ubishi: Meli 12 za Anga Zilizotumikia, Zilizozembea na Zilizolipuka

Muulize shabiki wa filamu za anga meli ipi ni bora, atakutajia ile ndefu kuliko zote, au yenye mizinga mingi, au iliyopendeza kwenye bango la sinema. Hapa hatuendi hivyo. Meli ni kazi. Orodha hii inafungua faili la utumishi la kila aina ya meli na kuuliza maswali ya kiafisa utumishi: ilibeba nani, ilipita wapi, ilirudisha wangapi wakiwa hai, na siku yake ya mwisho ilikufa kwa heshima au kwa uzembe? Urembo una alama zake, ila ni chache.

Kanuni mbili kabla hamjaanza kelele. Kwanza, ndugu wakiharibu, ukoo wote unashuka. Hatuangalii meli moja maarufu tu. Pili, Death Star ya Star Wars haimo. Obi-Wan Kenobi mwenyewe alisema mwaka 1977 kuwa kile ni kituo cha anga. Kituo si meli. Rufaa haipokelewi.

Tunaanzia mkiani.

12. Oberth (Star Trek)

Meli ndogo ya utafiti, nyeupe, yenye sura ya upole. Kila inapotokea kwenye skrini kuna mtu anakaribia kufa.

Mwaka 1984, katika Star Trek III, USS Grissom inapigwa kombora moja. Moja! Na papo hapo inageuka cheche. Kruge, kamanda wa Waklingoni, hakutaka hata kuilipua, alitaka mateka. Mpiga mizinga wake akajitetea kwamba amebahatisha, Kruge akamuua palepale. Yaani Oberth ni dhaifu kiasi kwamba hata aliyeipiga alikufa nayo.

Ndugu zake je? USS Tsiolkovsky, mwaka 1987: wafanyakazi 80 waliambukizwa ulevi wa ajabu, mmoja akafungulia hewa yote itoke, wote wakafa. USS Vico: akapona mtoto mmoja. USS Pegasus: ilikutwa imezama ndani ya mwamba wa kimondo, chuma na jiwe vimeungana. Na bado kuna fumbo la mashabiki ambalo halijaisha: sehemu ya chini ya meli hii imeunganishwa na ya juu kwa mihimili miwili myembamba tu pembeni. Fundi anashukaje huko chini kazini?

Hukumu: ukipangiwa Oberth, andika wosia kabla ya kufunga begi.

11. Imperial Star Destroyer na dada yake mkubwa, Executor (Star Wars)

Najua. Tayari kuna mtu amesimama. Kaa kwanza.

Hakuna anayebisha kuhusu mwingilio wake. Mwaka 1977 ile pembetatu ya kijivu ilipita juu ya vichwa vya watazamaji ikapita, ikapita, na ikaendelea kupita. Kwenye hadithi ina urefu wa mita 1,600. Studioni modeli yake haikufika hata mita moja, na ile meli ndogo iliyokuwa ikifukuzwa, Tantive IV, ilikuwa na modeli ndefu kuliko ya jitu linaloikimbiza. Huo ni ufundi wa kamera ambao unastahili kuvuliwa kofia.

Lakini hapa tunapima kazi. Mwaka 1980 Millennium Falcon inajibandika mgongoni kwa Star Destroyer iitwayo Avenger, na mabaharia wote wale wenye mitambo ya kugundua adui kila upande hawaioni. Kisha meli inamwaga takataka zake, na Falcon inaondoka taratibu kati ya takataka hizo. Mwaka 2016, katika Rogue One, kijimeli cha waasi kinaisukuma Star Destroyer moja iliyozimika mpaka inaigonga nyingine, na zote mbili zinaangukia lango la ngao la sayari. Wamewekeza kwenye mizinga, wamesahau breki.

Kisha Executor. Kilomita 19 za chuma, meli ya Darth Vader mwenyewe, mahali ambapo Admirali Ozzel alipandishwa cheo kwenda kaburini kwa kunyongwa kupitia skrini, na Piett akapewa kiti chake kikiwa bado na joto. Mwaka 1983 rubani mmoja, Arvel Crynyd, akiwa ndani ya ndege ndogo ya A-wing iliyokwisha kuharibika, anaingia nayo moja kwa moja kwenye dirisha la chumba cha uongozaji. Jitu lote likainama na kujichomeka kwenye Death Star.

Hukumu: ukubwa wa kutisha, usimamizi wa kutisha zaidi.

10. Galaxy (Star Trek)

Nani alikaa kwenye kikao na kusema, "Tujenge meli ya kwenda kwenye hatari tusizozijua, halafu tupakie wake, waume na watoto wa chekechea"? Enterprise-D, iliyochorwa na Andrew Probert na kuonekana kwanza mwaka 1987, ilibeba zaidi ya watu 1,000, ikiwa na madarasa, kinyozi na baa. Ni meli ya starehe kweli, na Picard ni nahodha ambaye ningemfuata popote. Ila faili ni faili.

Ili kuwalinda raia, Galaxy ilipewa uwezo wa kukatika vipande viwili: sahani iondoke na familia, injini zibaki kupigana. Wazo zuri sana, na katika misimu saba ya tamthilia walilitumia mara chache mno. USS Yamato ililipuka na kila mtu ndani yake kwa sababu ya kirusi cha kompyuta kilichopakuliwa kutoka mitambo ya kale. USS Odyssey iliangamizwa mwaka 1994 na meli ndogo ya Jem'Hadar iliyoigonga makusudi wakati Odyssey ilikwisha kugeuza na kuondoka. Angalau nahodha wake alikuwa ameshusha raia kwanza. Huyo apewe heshima yake.

Na Enterprise-D? Mwaka huohuo wa 1994 iliangushwa na meli chakavu ya kina dada wawili wa Kiklingoni. Hiyo meli chakavu tutakutana nayo huko juu, kwa hiyo tunza hasira zako.

Hukumu: hoteli ya nyota tano, mlinzi wa nyota mbili.

9. TIE (Star Wars)

Ndiyo, ni ndege ya kivita tu. Nimeiingiza kwa sababu ya sauti. Ben Burtt, fundi sauti wa Star Wars, alichanganya mlio wa tembo na sauti ya gari likipita kwenye lami yenye maji, ndipo ukapatikana ule ukelele unaokufanya uiname ukiwa kwenye kochi lako. Tembo angani! Katika orodha nzima hakuna kiumbe kilichochangia zaidi kwa malipo kidogo zaidi.

Ukiitoa sauti, kinachobaki ni huzuni. TIE ya kawaida haina ngao. Haina injini ya kusafiri kati ya nyota. Rubani wake akiachwa na meli mama, ameachwa. Dola linalotawala kwenye Star Wars liliziunda kwa wingi na kuzipoteza kwa wingi, huku Vader akijipa toleo lake maalumu lenye vitu vyote walivyonyimwa vijana wake.

Hukumu: kumi kwa muziki, sifuri kwa bima ya maisha.

8. Excelsior (Star Trek)

Fupi tu. Mwaka 1984 iliingia kwa mbwembwe zote kama meli ya kasi mpya ambayo ingeistaafisha Enterprise. Mzee Scotty akachomoa vipande vichache kwenye kompyuta yake, akavitia mfukoni, na meli mpya ikazimika mbele ya watu. Aibu ya mwaka.

Ila ilijirekebisha. Mwaka 1991 Kapteni Sulu aliifikisha vitani kwa wakati, na kwa miongo mingi baadaye aina hii iliendelea kutumika huku meli mpya zaidi zikija na kulipuka. Kilichoishusha ni ndugu yake Enterprise-B, iliyotolewa gatini mwaka 1994 bila makombora, bila boriti ya kuvutia meli nyingine, bila wauguzi, kwa sababu vyote hivyo vilitarajiwa kufika Jumanne. Dharura ikatokea kabla ya Jumanne, na Kapteni Kirk wa Enterprise ya kwanza akachukuliwa nayo.

Hukumu: meli nzuri, bohari bovu.

7. Miranda (Star Trek)

Hii ndiyo aina ninayoipenda na kuihurumia kuliko zote, na kama huna huruma na Miranda sijui nikusaidieje.

Ilizaliwa kwa ajali. Mchoro wa USS Reliant, kwa ajili ya filamu ya The Wrath of Khan ya mwaka 1982, ulimfikia mtayarishaji Harve Bennett, naye akautia sahihi akiwa ameugeuza juu chini. Mafundi wakaujenga kama ulivyosainiwa, na ndiyo maana injini zake zinaning'inia chini. Ikatokea kuwa ndiyo sura bora zaidi, kwa sababu mtazamaji aliweza kuitofautisha na Enterprise kwa jicho moja hata katikati ya wingu la vumbi.

Tangu hapo ikawa meli ya kupigwa. Reliant ilitekwa na Khan, kisha ikalipuka. USS Saratoga ya mwaka 1986, chini ya nahodha mwanamke aliyeigizwa na Madge Sinclair, ilizimwa na mtambo mgeni uliokuja kutafuta nyangumi. USS Lantree, wafanyakazi wake walizeeka ghafla wakafa kwa uzee, na Picard akalazimika kuilipua. Saratoga nyingine ilikufa kwenye vita vya Wolf 359 pamoja na mke wa ofisa wake, Benjamin Sisko, siku ambayo meli 39 zilipotea. Mwaka 1997, katika vita na Dominion, USS Sitak na USS Majestic zilikufa kwa sekunde chache, na vita vikaendelea bila hata sekunde ya kuzililia.

Walizituma mbele kwa sababu zilikuwapo, na zilikwenda kila zilipotumwa. Meli za fahari zinapata nyimbo, Miranda inapata moto. Nafasi ya saba ni ya heshima, na anayetaka kuishusha aje na sababu nzito.

Hukumu: askari wa kawaida aliyestahili nishani na akapewa lindo la usiku.

6. Intrepid (Star Trek)

USS Voyager, mwaka 1995: inatupwa umbali wa miaka ya nuru 70,000 kutoka nyumbani, safari ya miaka 75 kwa kasi yake ya juu. Kapteni Kathryn Janeway anaifikisha kwa miaka saba. Kwa kigezo chetu cha "ilirudisha watu nyumbani", hapo hakuna mchezo.

Kuna kesi ndogo ya hesabu za ghala, hata hivyo. Mapema kabisa tuliambiwa kuwa meli ina makombora 38 na hakuna pa kupata mengine. Kaa na kalamu utazame misimu yote saba. Makombora 38 yalikwisha zamani, na Voyager iliendelea kufyatua bila wasiwasi. Vyombo vyake vidogo vya kushukia navyo vilipotea kimoja baada ya kingine, na wiki iliyofuata kulikuwa na kipya. Bohari la Excelsior lingejifunza hapa.

Kilichoipandisha mpaka sita ni kulinganishwa na USS Equinox, meli ya aina ya Nova iliyopotea kulekule. Nahodha wake alichoka, akaanza kuua viumbe hai ili awatumie kama mafuta ya kufika nyumbani haraka. Janeway alikuwa na njaa ileile, upweke uleule, ramani ileile. Akakataa njia hiyo. Kurudi nyumbani na mikono safi ni kazi ngumu kuliko kurudi tu.

Hukumu: alama zote za maadili, mkaguzi wa hesabu bado anasubiri mlangoni.

5. Firefly

Aina pekee hapa ambayo jina lake ndilo jina la tamthilia nzima. Mwaka 2002, meli ya mizigo iitwayo Serenity, watu tisa, haina mizinga. Narudia: haina mizinga, katika ulimwengu ambao hata mfanyabiashara wa ng'ombe ana bunduki.

Nahodha Malcolm Reynolds aliipa jina la vita ambavyo upande wake ulishindwa. Tafakari hilo. Wengine wanaziita meli zao kwa ushindi. Yeye aliandika kipigo chake ubavuni na kuendelea na kazi. Katika sehemu iitwayo "Out of Gas" kipuri kimoja kinakufa, hewa inaanza kuisha, na hadithi inarudi nyuma kutuonyesha Mal siku ya kwanza alipoiona meli hii: imekaa pembeni ya yadi ya mitumba, muuzaji anamsifia nyingine kabisa, na macho yake hayatoki kwenye ile iliyoachwa.

Tamthilia ilikatwa baada ya kurushwa sehemu 11 kati ya 14, tena bila kufuata mpangilio. Mwaka 2005 mashabiki wakapata filamu. Watu waliopewa saa chache tu za meli hii bado wanaitetea kwa moyo wote, na wana haki.

Hukumu: muda mfupi kazini, barua za mapendekezo nyingi kuliko za meli yoyote.

4. Bird-of-Prey ya Waklingoni (Star Trek)

Hapa ndipo mashabiki wa Galaxy watakapotaka kunipiga. Karibuni.

Orodhesha kazi zake. Mwaka 1984 inaimaliza Grissom na kuifikisha Enterprise ya zamani mahali ambapo Kirk analazimika kuilipua kwa mkono wake mwenyewe. Kirk anaiba Bird-of-Prey hiyohiyo. Mwaka 1986, katika Star Trek IV, Kirk na wenzake wanaizungusha kwenye Jua, wanarudi nyuma ya wakati hadi San Francisco, wanaiegesha bustanini ikiwa haionekani, wanajenga tangi ndani ya sehemu ya mizigo na kupakia nyangumi wawili, George na Gracie. Meli ya kivita, iliyoundwa kuvizia na kuua, inaokoa dunia kwa kubeba nyangumi. Hakuna meli nyingine yenye mstari kama huo kwenye wasifu wake.

Haijaisha. Mwaka 1991 Jenerali Chang anaitumia moja inayoweza kufyatua ikiwa bado imejificha, jambo lililowashinda wote. Wakaipata kwa kunusa moshi wa injini zake. Na mwaka 1994 ile chakavu ya kina dada Lursa na B'Etor inaivunja Enterprise-D kwa kuchungulia namba za ngao kupitia miwani ya Geordi, mhandisi wake. Nayo ikalipuka, na ukitazama kwa makini utaona mlipuko wake ni uleule wa meli ya Chang, picha ileile ya mwaka 1991 imerudishwa kazini. Hata ikifa inafanya kazi mara mbili.

Hukumu: bei ndogo, watu wachache, matokeo makubwa. Admirali wa Galaxy, jifunze.

3. Constitution (Star Trek)

Mashabiki wa zamani, vuteni pumzi. Enterprise ya kwanza iko ya tatu, na nina ushahidi.

Kwanza sifa, kwa sababu ni nyingi. Matt Jefferies alichora umbo lililobaki hai tangu Septemba 1966: sahani, shingo, injini mbili juu. Modeli yake kubwa, ya zaidi ya mita tatu, imehifadhiwa kwenye jumba la makumbusho la anga la Smithsonian jijini Washington. Na kuna jambo ambalo msomaji wa Kiswahili ana haki ya kutembea nalo kifua mbele. Katika sehemu ya kwanza kabisa kurushwa, tarehe 8 Septemba 1966, kiumbe kinachojigeuza sura kinamfuata Luteni Uhura kwenye ujia wa Enterprise na kumsemesha kwa Kiswahili. Siku ya kwanza! Mwaka uliofuata, baada ya mtambo kumfutia kumbukumbu, Uhura anafundishwa kusoma upya, na Kiingereza kikimkwama anatoa Kiswahili. Nichelle Nichols alikaa kwenye kiti kile cha mawasiliano akafungua mlango kwa wengi, na katika toleo jipya la Strange New Worlds Uhura anatajwa wazi kuwa amekulia Kenya. Kwa hiyo meli hii ni yetu kidogo, na bado naiweka ya tatu. Haki haina undugu.

Sasa faili. Kirk alisema kuna meli 12 tu za namna hii. Hesabu nami. Oktoba 1967: Constellation inakutwa imeharibiwa, wafanyakazi wake wote wamekwisha isipokuwa kamanda wao, Decker, modeli ilikuwa ya kununua dukani ya kuunganisha nyumbani, namba za 1701 zikapangwa upya kuwa 1017. Januari 1968: Intrepid na Wavulkani 400 wanamezwa na kiumbe kama amiba kikubwa kupita sayari. Machi 1968: Exeter inakutwa tupu, watu wamegeuka vumbi. Mwezi huohuo: Excalibur inapigwa na kompyuta iliyokabidhiwa Enterprise, wote wanakufa. Novemba 1968: Defiant inafifia na kupotea baada ya wafanyakazi wake kuuana.

Meli tano kati ya 12, miezi 13 ya runinga. Kampuni gani ya bima inasaini hapo?

Hukumu: mama wa zote, na mwaka mmoja mbaya kuliko wa meli yoyote angani.

2. YT-1300 (Star Wars)

Mtaijua kwa jina la umaarufu: Millennium Falcon. Kwenye karatasi ni meli ya kawaida ya mizigo iliyotoka kiwandani Corellia. Ile sura ya mkate uliong'atwa ilikuja dakika za mwisho: muundo wa awali ulifanana mno na chombo cha tamthilia ya Space: 1999, ukabadilishwa na kuwa Tantive IV, na Joe Johnston akachora mpya. Meli yetu ya pili ilizaliwa kwa sababu ya kukwepa kufanana na mtu.

Katika filamu nzima ya mwaka 1980 injini yake ya masafa inagoma. Inagoma mbele ya adui, inagoma mbele ya kimondo, inagoma mbele ya marafiki. Falcon ni lile lori la zamani ambalo dereva peke yake anajua limpige wapi ndipo liwake, na mwingine akiligusa linazima siku tatu. Bado ilitoka salama kila mara. Linganisha na Executor ya kilomita 19 iliyokufa kwa dirisha.

Kuhusu lile jigambo la rubani wake, Han Solo, kwamba ilimaliza njia moja kwa parseki 12: ndiyo, parseki ni kipimo cha umbali, si cha muda. Filamu ya Solo ya mwaka 2018 ikaeleza kuwa Han alikata njia ya mkato, kwa hiyo majigambo ni ya umbali. Naikubali hoja hiyo; rubani anayejua njia ya mkato ana thamani kuliko mwenye mguu mzito.

Lakini sababu yangu kubwa ni mwaka 1983. Falcon inaongoza mashambulizi dhidi ya Death Star ya pili, Lando Calrissian kwenye usukani, na pembeni yake msaidizi mwenye mashavu makubwa, Nien Nunb. Sauti ya Nien Nunb ilitolewa na Mkenya, Kipsang Rotich, aliyekuwa mwanafunzi Marekani wakati huo, na sehemu ya maneno yale ni Kikikuyu halisi. Watazamaji wa Kenya wanaojua lugha hiyo walimwelewa bila maandishi ya chini. Mwaka 2015 alirudi tena kwenye The Force Awakens. Kwa hiyo siku Dola lilipovunjwa, mmoja wa waliokuwa ndani ya meli iliyolivunja alikuwa akiongea Kikikuyu. Mwenye hoja ya kuishusha Falcon baada ya hapo aanze kwa salamu.

Hukumu: haina ratiba, haina adabu, haikosi kufika.

1. Battlestar ya kizazi cha Galactica (Battlestar Galactica)

Toleo nilisemalo ni lile lililoanza Desemba 2003. Na hapa sitanii hata kidogo.

Mwanzoni zilijengwa Battlestar 12, moja kwa kila koloni la wanadamu, kwa ajili ya vita na mashine za Cylon. Kumi na mbili, sawasawa na Constitution za Kirk. Zaidi ya miaka 40 baadaye Galactica inastaafishwa: upande mmoja umegeuzwa makumbusho, kuna duka la zawadi, ghala la risasi ni tupu. Kamanda William Adama amekataa miaka yote kuunganisha kompyuta zake kwenye mtandao mmoja. Simu zina waya. Vijana wanamcheka.

Siku hiyohiyo Wacylon wanarudi. Meli mpya, zenye programu mpya iliyochezewa kwa siri, zinazimika moja baada ya nyingine na kuuawa zikiwa hazijafyatua. Kizee cha simu za waya kinabaki kimesimama, na nyuma yake watu 50,000 na ushee, ndio wanadamu wote waliosalia.

Kisha kazi inaanza. Wacylon wanatokea kila baada ya dakika 33, na kila baada ya dakika 33 Galactica inaruka na kundi lote la meli za raia, zaidi ya mara 230, siku tano bila usingizi. Mwaka 2006, kuwaokoa watu waliotekwa New Caprica, Adama anairusha meli ndani ya anga la sayari yenyewe. Inaanguka kama jiwe, inawaka, inamwaga ndege zake, na inaruka tena kabla haijagusa ardhi. Pegasus, ya aina ya Mercury, mpya zaidi, kubwa zaidi, yenye nguvu zaidi, ndiyo iliyojitoa mhanga siku hiyo ili Galactica itoke. Pegasus nayo naivulia kofia. Ila aliyefika mwisho ni mzee.

Na mwisho wenyewe, mwaka 2009: uti wa mgongo wa meli umevunjika, haitaruka tena. Imefikisha watu wasiozidi 40,000 kwenye sayari yenye hewa safi na majani marefu. Meli zote zinapelekwa Juani, na Galactica inatangulia. Hadithi inaruka miaka 150,000 mbele, hadi kwenye habari kwamba wanasayansi wamepata mifupa ya msichana aliye mama wa wanadamu wote wa leo. Imepatikana wapi? Tanzania. Msichana huyo ni Hera, mtoto wa mwanadamu na Cylon, aliyebebwa na meli hii hadi hapo.

Constitution ilipoteza watu wa meli tano kwa mwaka mmoja. Executor ilikufa kwa rubani mmoja. Galactica ilibeba ukoo mzima wa binadamu na kuushusha kwetu.

Hukumu: namba moja, na pengo kati yake na ya pili ni kubwa.

Haya, leteni hoja zenu. Nasikiliza kwa makini wa Miranda, nawavumilia wa Star Destroyer. Na wewe unayeipandisha Constitution juu ya Galactica, lete sababu moja tu ambayo haina jina la Kirk ndani yake.